Berlin kwa baiskeli: Mji ulioandika historia ya Afrika Mashariki barabarani

MTU apitaye kwa gari katika barabara ya Wilhelmstraße, katikati ya Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, hataona lolote la kumshangaza. Ataona majumba ya makazi yaliyojengwa mwishoni mwa enzi ya Ujerumani Mashariki, na kufumba na kufumbua atakuwa ameshapita.

Apitaye kwa baiskeli, hasa akiwa nyuma ya mwelekezi anayeijua kazi yake, atasimamishwa karibu na nambari 92 na kuonyeshwa bango la ukumbusho. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Chansela Otto von Bismarck. Ndani yake, kati ya Novemba 15, 1884 na Februari 26, 1885, wajumbe wa nchi 14 waliketi kujadili mustakabali wa Afrika. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyekaribishwa.

Jumba lenyewe halipo tena. Liliangamia kutokana na Vita vya Pili vya Dunia. Kilichobaki ni bango, na maneno ya mwelekezi. Ndiyo sababu ziara ya baiskeli yenye mwelekezi imekuwa njia mojawapo bora ya kuusoma mji huu. Sehemu kubwa ya historia ya Berlin haipo kwenye majengo yanayopigwa picha. Imo chini ya matairi, katika mawe ya barabara na vibao vya majina ya mitaa, na mgeni wa kutoka Afrika Mashariki hukuta humo mengi yanayomhusu.

Kwa nini baiskeli

Berlin ni mji tambarare. Hauna milima ya kumtoa mtu jasho, na barabara zake kuu ni pana. Mahali pa kihistoria pametawanyika mno kiasi kwamba anayekwenda kwa miguu atachoka kabla hajaona nusu yake. Basi la watalii, kwa upande mwingine, hupita juu juu na haliwezi kuingia katika vichochoro wala kusimama popote lipendapo.

Baiskeli ipo katikati ya hayo mawili. Ziara ya kawaida huchukua muda wa saa tatu hadi nne, ikiwa ni pamoja na vituo vingi vya kusikiliza maelezo. Mwendo ni wa polepole, na hata mtu ambaye hajapanda baiskeli kwa miaka kadhaa huweza kuumudu.

Kundi hukutana mahali panapojulikana, mathalani uwanja wa Alexanderplatz, chini ya mnara wa televisheni wenye urefu wa mita 368. Kila mtu hupewa baiskeli inayomfaa kimo, kiti kikapandishwa au kushushwa, kisha akajaribu kuzunguka kidogo kabla ya safari. Mwelekezi hutangulia na wengine humfuata kwa mstari.

Hapo ndipo Mkenya anapopaswa kutega sikio. Kwanza, Wajerumani huendesha upande wa kulia. Aliyezoea upande wa kushoto hupotoka zaidi anapokata kona, kwa hivyo ni heri kumfuata aliye mbele badala ya kufuata mazoea.

Pili, baiskeli nyingi za Ujerumani zina breki ya nyuma inayofanya kazi kwa kukanyaga pedali kinyume. Asiyeijua breki hiyo hujikuta amesimama ghafla akiwa na nia tu ya kurekebisha mguu wake.

Tatu, kuna reli za tramu barabarani, hasa katika sehemu ya mashariki ya mji. Gurudumu likiingia katika ufa wa reli, mwendeshaji huanguka. Dawa yake ni kuzikata reli hizo kwa pembe ya mraba, si kwa mshazari.

Aidha, njia za baiskeli zina sheria kama za magari. Mtu mzima haruhusiwi kuendesha kwenye njia ya waendao kwa miguu, wala kushika simu mkononi akiwa safarini. Kofia ngumu si lazima kisheria, lakini ni busara kuivaa. Kundi la waendeshaji zaidi ya 15 huweza kuhesabiwa kisheria kama gari moja refu: wa kwanza akivuka taa zikiwa kijani, wa mwisho huruhusiwa kuvuka hata kama zimegeuka nyekundu.

Ukuta uliogeuka mstari

Ziara nyingi hufuata njia isiyotofautiana sana. Kutoka Alexanderplatz kundi huelekea magharibi hadi Kisiwa cha Makumbusho katika mto Spree, ambacho kiliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 1999. Kichwa maarufu cha Malkia Nefertiti wa Misri kimo katika mojawapo ya makumbusho hayo.

Mbele kidogo upo uwanja wa Bebelplatz. Asiyeambiwa atauvuka bila kujua kuna nini. Katikati yake kuna kioo kilichotandazwa sakafuni, na ukiinama waona chumba cheupe chenye rafu tupu. Hapo, Mei 10, 1933, wafuasi wa Wanazi walivichoma moto vitabu vya waandishi waliowachukia. Rafu hizo tupu zina nafasi ya vitabu 20,000 hivi.

Barabara ya Unter den Linden huwafikisha wageni kwenye Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya 1788 na 1791. Sanamu ya gari la farasi wanne iliyo juu yake ilitwaliwa na Napoleon mwaka 1806 na kupelekwa Paris, ikarejeshwa 1814. Kwa muda wa miaka 28 lango hilo lilisimama peke yake katika eneo lililopigwa marufuku, kwa kuwa Ukuta wa Berlin ulipita kando yake.

Ukuta huo ulianza kujengwa usiku wa kuamkia Agosti 13, 1961. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilitaka kuwazuia raia wake waliokuwa wakihamia magharibi kwa wingi. Uliizunguka Berlin Magharibi yote, umbali wa kilomita 155 hivi, na kati ya hizo kilomita 43 zilikata mji wenyewe vipande viwili. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha yao kwa sababu ya ukuta huo.

Leo sehemu kubwa ya ukuta imebomolewa. Katikati ya mji, mahali ulipopita pameonyeshwa kwa safu mbili za mawe zilizopachikwa ndani ya lami. Safu hizo huvuka makutano ya barabara, hupita chini ya magari yaliyoegeshwa na kukata njia za miguu. Mwendeshaji baiskeli huvuka kutoka Mashariki hadi Magharibi na kurudi mara kadhaa kwa saa moja, na kila mara huhisi mtikisiko mdogo tu wa gurudumu.

Mtikisiko huo ulikuwa jambo la kufa na kupona. Karibu na kituo cha mpakani cha Checkpoint Charlie, kijana wa miaka 18, Peter Fechter, alipigwa risasi Agosti 17, 1962 akijaribu kuruka ukuta. Alilala chini akivuja damu kwa takriban saa nzima, pande zote mbili zikitazama. Kibanda cha walinzi ambacho watalii hupigia picha hapo leo si kile cha asili. Ni mfano wake tu.

Mstari uliochorwa kwingine

Baada ya kuona jinsi mstari ulivyougawa mji, bango la Wilhelmstraße hupata uzito mpya. Hata hivyo, lipo jambo ambalo husimuliwa vibaya mara nyingi. Watu wengi huamini kwamba mipaka ya Afrika Mashariki ilichorwa kwa rula mezani pa Bismarck katika mkutano ule. Sivyo.

Mkutano wa 1884 hadi 1885 ulihusu zaidi biashara katika bonde la Kongo, usafiri wa mito ya Kongo na Niger, na masharti ambayo taifa la Ulaya lilipaswa kutimiza ili madai yake ya pwani ya Afrika yatambuliwe na wenzake. Uliweka kanuni za mashindano. Ugawaji wenyewe ukafuata.

Ulifuata upesi. Februari 27, 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, ambaye miezi michache awali alikuwa amekusanya mikataba ya kutiliwa shaka huko Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka utokao mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, upite kaskazini mwa Mlima Kilimanjaro na kuishia Ziwa Viktoria. Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Ni mpaka huo ambao hadi leo unawatenganisha Wadigo, Wamaasai na Wakuria wa Kenya na ndugu zao wa Tanzania. Hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa haina ukweli. Mjukuu huyo, Wilhelm wa Pili, hakuwa hata ametawazwa Kaisari wakati huo.

Sehemu ya Kenya nayo iliwahi kuwa chini ya Berlin. Witu, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Lamu, ilikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani kuanzia 1885. Kisha Julai 1, 1890, katika mji huu huu, ulitiwa saini mkataba ambao kwao Ujerumani iliiachia Uingereza Witu na kutambua ulinzi wake juu ya Zanzibar. Miongoni mwa vitu ilivyopata ni Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita mbili za mraba. Watu wa Witu hawakuulizwa.

Majina yanayobadilika

Mwendo mfupi kutoka hapo, barabara nyingine husimulia habari mbili kwa pamoja. Ni katika barabara hiyo kilipokuwa kituo cha wanahabari ambamo jioni ya Novemba 9, 1989, msemaji wa chama tawala Günter Schabowski aliulizwa ni lini raia wangeruhusiwa kuvuka mpaka. Alipekua karatasi zake akajibu kwamba, kwa kadiri alivyojua, ni mara moja. Usiku huohuo watu walifurika mpakani na ukuta ukaanguka.

Wakati huo barabara hiyo iliitwa Mohrenstraße, jina litokanalo na neno la kale la Kijerumani la kuwaita watu weusi, ambalo wengi waliliona kuwa la dharau. Baada ya miaka mingi ya kampeni na kesi mahakamani, Agosti 2025 ilipewa rasmi jina la Anton Wilhelm Amo. Huyu alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 18 katika nchi ambayo leo ni Ghana, akapelekwa Ujerumani angali mtoto, akawa mwanafalsafa na kufundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena.

Si hilo pekee lililobadilishwa. Karibu nusu saa kwa baiskeli kuelekea kaskazini, katika eneo la Wedding, kuna mtaa uitwao Mtaa wa Kiafrika. Barabara zake zaidi ya 20 zina majina kama Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße na Ugandastraße. Hazikupewa majina hayo kwa mapenzi. Yalianza kutolewa mwishoni mwa karne ya 19 ili kutangaza fahari ya makoloni.

Mojawapo, Petersallee, ilipewa jina mwaka 1939 na Wanazi kumtukuza Carl Peters, yule ambaye ukatili wake ulimpa lakabu ya "mkono wa damu", na ambaye serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi 1897. Mwaka 1986 wakuu wa eneo hilo walitangaza kwamba jina hilo sasa lilimkumbuka mtu mwingine aliyeitwa Hans Peters. Kibao kilibaki vilevile.

Agosti 2024 kibao kiliondolewa hatimaye. Sehemu moja ya barabara sasa inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke aliyepigania haki nchini Namibia. Ile nyingine ni Maji-Maji-Allee, kwa ukumbusho wa vita vya 1905 hadi 1907 vya kupinga utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanganyika. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchomwa mashamba na maghala, ni kati ya 75,000 na 300,000. Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha kwa hayo alipozuru Songea, Novemba 1, 2023.

Vivyo hivyo, kusini mwa mji, katika eneo la Neukölln, barabara iliyomkumbuka Hermann von Wissmann, aliyeyazima mapambano ya Abushiri bin Salim huko pwani, tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck alikuwa mwanasiasa wa Tanzania kutoka Kilimanjaro, na miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika wadhifa mkubwa katika serikali ya nchi hiyo.

Yapo wanaopinga mabadiliko haya. Wengine hulalamikia gharama na usumbufu wa kubadilisha anwani, na wengine husema kufuta jina ni kufuta historia. Wanaoyaunga mkono hujibu kwamba kibao cha barabara si kitabu cha historia bali ni heshima, na kwamba heshima haifai kupewa muuaji. Hoja hiyo si ngeni kwa wakazi wa Nairobi, ambao barabara yao ya Delamere iligeuka Kenyatta.

Lugha na mifupa

Anayerejea katikati ya mji kutoka Wedding anaweza kupitia Invalidenstraße, yalipo Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Ukumbini mwake pana mifupa ya mnyama wa kale mwenye kimo cha mita 13.27. Ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, chini ya usimamizi wa wachimbaji hodari kama Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mabegani na vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi.

Kiswahili nacho kina historia ndefu hapa. Chuo cha Lugha za Mashariki kilianzishwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kikafundishwa kwa maofisa waliokuwa wakienda kutawala. Miongoni mwa walimu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu Desturi za Wasuaheli kilichotolewa 1903. Alifariki dunia Berlin mwaka 1927.

Ikumbukwe kwamba si kila ziara hufika mahali hapa pote. Ziara ya kwanza ya mgeni aghalabu huishia kwenye Ukuta, Wanazi na Lango la Brandenburg. Anayetaka kuona zaidi hana budi kuuliza kabla ya kulipa: je, mtasimama Wilhelmstraße? Je, ipo ziara ya kuhusu ukoloni au ya Mtaa wa Kiafrika? Waelekezi hupanga njia kwa kufuata maswali ya wateja wao, na mahali pasipoulizwa hupitwa. Msimu mzuri ni kuanzia Aprili hadi Oktoba, na koti jepesi la mvua halidhuru hata mwezi wa Julai.

Kabla ya kurudisha baiskeli Alexanderplatz, inafaa kusimama nje ya nambari 193, barabara ya Brunnenstraße. Ni mwendo wa dakika chache tu. Kwenye njia ya miguu mbele ya mlango kuna kibao cha shaba cha upana wa sentimita kumi, kimojawapo cha vibao zaidi ya 100,000 vilivyowekwa kote Ulaya mbele ya nyumba za watu walioteswa na Wanazi. Hiki kiliwekwa mwaka 2007 kwa ajili ya Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1929 akaja Berlin kudai mshahara ambao hakuwahi kulipwa. Hakuupata. Alifanya kazi ya kuhudumu mkahawani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, na akaigiza katika filamu. Ya mwisho ilikuwa ile ya 1941 ya kumsifu Carl Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani mweupe, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifia huko Novemba 24, 1944.

Kibao chake hakionekani kutoka kwenye gari. Hata kwa baiskeli, sharti mtu ashuke na kuinama ili akisome.